Usiniulize Reli Yangu Inanilipa Ngapi

Wiki iliyopita niliweka video ya sekunde arobaini. Haina muziki, hamna mtu anacheza, hamna mtu anatishwa kwa kinyago. Ni kichwa cha treni cha urefu wa kiganja, kinavuta mabehewa mawili ya kadibodi, kinazunguka juu ya mlango. Ndiyo, mlango. Mlango wa chumba, umelazwa juu ya kreti nne za soda hapa Utange, umepigiliwa reli.

Ujumbe wa kwanza niliopata: "Safi kaka, lakini hii inakulipa ngapi?"

Wa pili: "Na umri huo bado wachezea toyi?"

Wa tatu ulitoka kwa mtu mzima, mwenye nia njema kabisa, akasema ni jambo la kupongezwa maanake linawaepusha vijana wa Kisauni na mapanga.

Huyo wa pili namjibu kwa mstari mmoja: ndiyo naichezea, na wewe jana ulikesha na FIFA mpaka saa nane usiku. Tumemalizana. Hao wengine wawili ndio nina neno nao, na neno langu kwa huyo wa tatu ni zito kuliko la huyo wa kwanza.

Tuanze na "inakulipa ngapi". Kijana akikaa maskani kutoka alasiri mpaka Isha, shavu limejaa muguka, hamna anayemuuliza hilo shavu linamlipa ngapi. Wikendi watu wanatazama Arsenal dakika tisini, wanagombana nusu saa nyingine juu ya penalti, wanarudi nyumbani na hasira ambazo hawakutoka nazo, na hamna anayewauliza Arsenal imewatumia ngapi kwa M-Pesa. Kuna jamaa yangu anaweka mia mbili kila Jumamosi kwa mkeka, mkeka unachanika kila Jumamosi, na yeye ndiye anayeniambia mimi ati nachezea pesa. Lakini shika koleo na kipande cha plaiwudi uone. Ghafla mtaa mzima umekuwa wahasibu.

Mtu mmoja tu ana ruhusa ya kuniuliza hilo swali, naye ni mamangu. Yeye ndiye anayenunua tokeni ya stima, na huo mlango ulikuwa wake kabla haujawa wangu. Akiuliza namjibu kwa adabu na kwa hesabu. Kichwa cha treni nilikiokota kwa rundo la vitu vya watoto vya mitumba Kongowea, shilingi 350, hakina sanduku, chini kimeandikwa Hornby, ekseli moja imepinda. Reli zilikuja kidogo kidogo, nyingine kwa rundo lilelile baada ya kurudi Jumamosi nane mfululizo, nyingine nikaagiza mtandaoni kwa 2,400 na nikajuta kwa wiki. Betri ni ya pikipiki, volti 12, imechoka, haiwezi tena kuwasha boda lakini hiki kitoto cha treni inakiendesha jioni nzima, maanake treni hizi ndogo zinataka volti hizo hizo 12. Katoni ni za bure dukani. Jumla haifiki elfu tano kwa mwaka mmoja na nusu. Mama alipiga hesabu kimoyomoyo, akasema ni rahisi kuliko marafiki niliokuwa nao kidato cha tatu, akarudi jikoni.

Sasa wewe mwenye nia njema.

Sijengi reli ili nisishike panga. Panga pekee nililowahi kushika ni la kukatia nyasi nyuma ya nyumba. Tuko watano tunaojenga, pamoja na dadangu mdogo ambaye ndiye anayejua kupiga solda kuliko sote, na hamna hata mmoja wetu aliyekuwa njiani kwenda kumkata mtu akakutana na treni akaghairi. Najua umeona Kisauni kwenye habari. Sisi pia tumeiona. Lakini mtoto wa Nyali, hapo tu, akinunuliwa Lego ya elfu kumi siku yake ya kuzaliwa, hamna anayeandika kwamba sasa ameepushwa na uhalifu. Wanasema ana kipaji. Wanasema atakuwa injinia. Au hawasemi kitu, maanake mtoto kucheza ni mtoto kucheza. Ukija huku kwetu, mchezo lazima uwe na kibali. Ama ulete pesa, ama uzuie damu. Ukikosa vyote viwili basi ni ujinga.

Angalia vizuri utaona ni kila kitu. Akicheza mpira ni "ajira kwa vijana". Akichora ni "biashara ya sanaa". Akipanda mti ni mradi, una bango, una fulana. Sisi tunaruhusiwa kufanya jambo lolote mradi mtu wa nje aweze kuliandikia ripoti. Kukaa tu na kitu kwa sababu kinakufurahisha, hiyo ni anasa ya watu wenye geti.

Hapo ndipo ninapokataa. Na kabla hujanijia na "lakini kazi hamna kaka", najua kazi hamna. Nahariri video za harusi, nimewahi kulala saa kumi alfajiri kwa ajili ya bi harusi aliyetaka uso wake upunguzwe. Sijasema watu waache kutafuta. Nasema saa mbili baada ya Isha ni zangu, na sihitaji kumpa mtu risiti.

Wengine wamenijia na ile ya "mambo ya wazungu". Nusu yake ni kweli, sitabisha. Frank Hornby alikuwa mtu wa Liverpool, na treni za jina lake zilianza kuuzwa 1920. Märklin ya Ujerumani ni kampuni ya tangu 1859. Huko Hamburg kuna jumba linaitwa Miniatur Wunderland, limeanzishwa na ndugu wawili mapacha, likafunguliwa 2001, na leo lina zaidi ya kilomita 15 za reli ndogo. Kwao mchezo huu umejengewa nyumba na watu wanalipa kuingia. Sawa.

Lakini niambie ukweli, nani hapa hajatengeneza gari la waya? Magurudumu ya champali iliyochakaa, usukani mrefu unaoshika umesimama wima, unakata kona kwenye vumbi na mdomo ndio injini. Nani hajatengeneza matatu ya boksi, akaiandika ubavuni jina la msanii anayempenda, akaitia taa? Lamu mafundi wanachonga majahazi madogo yenye tanga na kamba zake zote, kila kamba mahali pake. Kwa hiyo mkono wa kutengeneza kitu kidogo kinachofanana na kikubwa tulikuwa nao siku zote. Kilichotokea ni kwamba gari la waya lina umri wake. Ukifika darasa la saba unaambiwa acha, wewe ni mkubwa sasa. Yule wa Liverpool hakuambiwa aache, akazeeka nalo.

Na hiyo reli yenyewe je? Reli ya kwanza ya kwenda Uganda ililazwa hapa Mombasa tarehe 30 Mei 1896. Ikafika Nairobi 1899, palipokuwa tambarare lenye maji baridi, na mji wote ule ukaota kando ya stesheni. Desemba 1901 ikafika ziwani, Kisumu ya leo. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 wakafa. Nairobi na magorofa yake yote ni mtoto wa reli, na reli ilianzia kwetu. Sisi ndio kilomita sifuri. Halafu mtu wa kilomita sifuri akitengeneza treni ya kadibodi aambiwe anaiga wazungu!

Kitu kimoja cha kuchekesha: huku kwetu Kisauni hatuna stesheni hata moja. Ukitaka kuona treni unavuka Nyali, unaunganisha magari, unapigwa na foleni ya Changamwe, ndipo ufike Miritini. Madaraka Express ilianza tarehe 31 Mei 2017, na ile treni ya zamani ya abiria, ya kulala njiani, ikaondoka kwenye maisha ya watu mwaka huohuo. Mimi treni ya zamani niliisikia kwa wakubwa kuliko nilivyoiona. Ndiyo maana nataka kuijenga. Kitu nilichokiona kila siku, kama tuktuk, sina hamu ya kukijenga.

Basi nikwambie kujenga kwenyewe, maanake nadhani wengi mnaona video ya sekunde arobaini mnafikiri ni kuunganisha tu kama toyi ya betri.

Mlango wetu una upana wa futi mbili na nusu, yaani milimita 762. Kona ndogo kabisa ya reli za Hornby inapimwa milimita 371 kutoka katikati ya duara mpaka katikati ya reli. Zidisha mara mbili, ongeza upana wa mataruma pande zote mbili, unapata kama 770. Umeona tatizo? Sisi hatukuliona. Tulipigilia reli, tukaunganisha betri, tukasema bismillahi, na kichwa cha treni kikafika kona ya pili kikaenda moja kwa moja sakafuni. Tumekosa nafasi kwa milimita nane. Ekseli iliyokuwa imepinda ikapinda upande wa pili, na walahi ikanyooka kidogo. Tukaongeza kipande cha mbao kila ubavu wa mlango. Nilifundishwa duara shuleni kwa miaka minne na sikumbuki kitu. Hiyo milimita nane sitaisahau mpaka nizikwe.

Halafu kuna upana wa reli. Reli ya zamani ya Mombasa ni ya mita moja kati ya chuma na chuma. Ya SGR ni milimita 1,435. Treni za Hornby zimepunguzwa mara 76. Ukigawanya, reli yetu ya zamani ingetakiwa iwe kama milimita 13, na ya SGR iwe karibu 19. Zenyewe zina 16.5. Kwa hiyo si ya zamani, si mpya, iko kati. Nilikasirika sana siku ya kwanza, nikidhani nimeuziwa kitu cha uongo, mpaka nikajua kwamba Waingereza wenyewe wanajidanganya hivyohivyo, maanake treni zao pia ni za 1,435 na zilitakiwa kuwa na hiyo 19. Karibu miaka mia wanazunguka kwenye reli nyembamba kuliko inavyotakiwa na hamna aliyekufa. Nikaona basi, na sisi twende.

Adui mkubwa hapa ni hewa. Reli zinabeba umeme, moja chanya moja hasi, na gurudumu ndilo linaloupeleka kwa mota. Pakitokea utando mdogo tu, treni inasimama, inashtuka, inasimama tena kama mtu anayetafuta chenji. Sasa sisi tuko karibu na bahari. Zile reli za chuma cha bei rahisi zinashika kutu kabla hujamaliza chai. Ziko nyingine za aina ya shaba nyeupe, hizo zinavumilia, lakini nazo kila jioni lazima uzipitishie kitambaa chenye spiriti. Masika mlango unavimba, reli zinaachana kwenye viungo. Kiangazi unanywea, zinabanana zinainuka. Tulilalamika kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyefanya kazi reli miaka mingi, akacheka mpaka akakohoa. Akasema hata zile kubwa ni hivyohivyo, ndiyo maana zinaachiwa nafasi kwenye maungio, na ndiyo iliyokuwa ikipiga ta-tam, ta-tam usiku kucha. Mimi nilidhani ile sauti ni magurudumu tu.

Huyo mzee mkumbuke, nitarudi kwake.

Mradi wetu mkubwa sasa ni Garratt. Kama hujui, zilikuwa treni za moshi za East African Railways, klasi ya 59, ziko 34, ziliundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Tani 252. Hazijawahi kuundwa treni za moshi zenye nguvu kuliko hizo kwa reli ya mita moja, popote duniani, na kazi yao ilikuwa kupanda kutoka hapa Mombasa kwenda Nairobi. Mbili zimebaki kwenye makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Nilisimama chini ya Mount Gelai nikajiona kama siafu. Ina urefu wa futi 104. Yetu ya kadibodi itakuwa kama sentimita 42, nayo bado ni ndefu kuliko kona yetu inavyotaka.

Hapo ndipo nilipoielewa kwa mara ya kwanza. Ukitengeneza kitu kirefu hivyo kikawa kigumu kama rula, hakikati kona. Garratt imegawanywa mara tatu: magurudumu na injini yake mbele, magurudumu na injini yake nyuma, na boila imelala katikati kama mgonjwa kwenye machela, inabebwa na hawa wawili. Wa mbele akikata kona, machela inafuata, wa nyuma anamalizia. Nilikuwa nimezitazama picha zake mara mia sikuona hilo. Nilipokata kadibodi ndipo mkono ukaniambia.

Lakini kipande ninachokipenda kuliko vyote hakina mota. Mwaka 1890, kabla ya reli hii tunayoijua, kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa ilianza kulaza reli nyembamba huku bara, ikaenda kilomita chache, pesa zikakata, wakaacha. Reli zile zikahamishiwa kisiwani zikawa njia za troli. Kiti juu ya magurudumu manne, kipaa cha kujikinga na jua, na vijana wanasukuma kwa nyuma. Mabwana wakubwa walikwenda hivyo kutoka mjini mpaka Kilindini, mpaka magari yalipozoeleka miaka ya 1920. Mombasa ilikuwa na usafiri wa reli unaoendeshwa na mapaja ya watu.

Dadangu alitengeneza troli mbili. Tunazivuta kwa mshipi wa kuvulia samaki uliopita chini ya mbao, unazungusha kijiti, zinakwenda. Wale wanaosukuma aliwachonga kwa njiti za kiberiti na udongo, akawatia vidole, akawatia migongo iliyoinama. Viti akaviacha vitupu. Mtu akimuuliza abiria wako wapi, anasema wamechelewa.

Sasa kuna hoja moja ningeweza kuitoa hapa mkanyamaza wote. Chuo cha MIT, Marekani, kina klabu ya reli ndogo tangu 1946. Wale vijana walikuwa wakicheza na swichi za simu chini ya meza ili treni zao zijiongoze zenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1950 wakahamia kwenye kompyuta za chuo, na hili neno la kuhaki lilitoka midomoni mwao. Mmoja wa watu wa klabu hiyo, Steve Russell, akawa kinara wa Spacewar!, mwaka 1962, miongoni mwa michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta. Yaani hiyo FIFA yako babu yake alikuwa akicheza treni.

Naona unatikisa kichwa, "ahaa, kumbe kuna faida!" Na hapo nimekunasa. Umesikia Marekani, umesikia kompyuta, tayari umeipa treni kibali. Wale vijana hawakukaa chini ya meza kwa sababu waliambiwa miaka kumi ijayo kutakuwa na pesa. Hiyo pesa haikuwepo, wala kazi yenyewe haikuwepo. Walikaa chini ya meza kwa sababu treni ilikuwa inakataa kusimama walipotaka isimame. Kama mtu angewasimamia pale mlangoni na swali lako, nadhani wangetoka wakaenda kusoma.

Na mimi nina haki ya kusema hivyo, maanake niliwahi kukubali kulipwa.

Mwaka jana video yetu moja ilitazamwa sana. Duka moja likanitafuta, shilingi elfu nane, tuweke bango lao dogo kwenye stesheni na tufanye "kitu cha kushtua". Tukakaa tukafikiri kitu cha kushtua. Tukakata daraja. Chini tukaweka beseni la maji, tukatia rangi nyekundu ya juisi, tukafungulia betri mpaka mwisho. Treni ikaja mbio, ikaruka, mabehewa yakaingia majini moja baada ya jingine, tukapunguza kasi ya video, tukaweka sauti ya watu wanapiga mayowe. Sekunde kumi na mbili. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo, wala kabla wala baada. Simu ilikuwa inatetemeka mezani kama ina homa.

Yule mzee wa reli alikuwa na kawaida ya kuja kila baada ya alasiri. Anakaa kwenye kigoda, anatusahihisha. Taa hiyo haiwi hapo. Behewa la breki linakaa nyuma. Baada ya video ile hakuja. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Wiki ya tatu nikaenda kwake. Shikamoo mzee. Marahaba. Akanikaribisha chai, tukazungumza habari za mvua, za mguu wake, za mjukuu wake aliyemwonyesha simu. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya mkate:

"Mwanangu, yale mabehewa yalikuwa na watu?"

Mwishoni mwa Januari 1993 treni ya abiria kutoka Nairobi kuja hapa Mombasa ilifika Ngai Ndethya usiku, daraja limeshachukuliwa na mafuriko. Watu zaidi ya 100 walikufa. Mzee usiku ule alikuwa kazini, stesheni ya huku chini, anaingojea treni hiyo ifike kwake. Aliingoja mpaka kukapambazuka. Hakunisimulia zaidi ya hapo na mimi sikumuuliza.

Nilirudi nyumbani nikaifuta. Lile duka lilitaka pesa zake, na pesa zilikuwa zimeshaliwa, nikazirudisha kwa awamu mbili kwa harusi za watu. Kwa hiyo nikiulizwa inanilipa ngapi, jibu ninalo: ilinilipa elfu nane mara moja, na hicho ndicho nilichouza. Sikuuza treni. Niliuza usiku wa mzee wa watu, kwa sababu mtu aliniambia mchezo wangu hauna thamani mpaka ushtue.

Sisemi ukitengeneza kitu usikiuze. Wale wa Lamu wanauza majahazi yao na ni halali yao. Nazungumzia hili swali linalotangulia kila kitu, linaloingia chumbani kabla hujamaliza hata kupiga msumari, likakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Ukilizoea, unaanza kutazama kila unachokipenda ukitafuta pa kukikata ili kivuje. Mimi nilikata daraja.

Mzee alirudi mwezi wa Ramadhani, baada ya futari, bila kusema kitu. Akakaa kwenye kigoda. Akatazama treni inazunguka mara tatu nne, halafu akasema tumeweka stesheni karibu mno na kona, treni ndefu haitaenea, mkia utabaki nje. Alikuwa sawa. Tumeibomoa.

Sasa hivi tunalijenga lile daraja upya, kwa fito za mbao safari hii, na mzee ametukatalia kupitisha kitu juu yake mpaka tulitie matofali mawili ya majaribio usiku kucha. Ijumaa baada ya Isha tunaweka reli. Kama uko Utange, Shanzu, Majaoni, hata Kiembeni, njoo. Vua viatu mlangoni, ule mlango uliosimama, na uangalie unapokanyaga maanake kuna nyaya chini. Koleo ziko mbili tu, zatosha. Reli zinataka kusuguliwa, kazi hiyo hamna anayeipenda, na atakayeuliza inalipa ngapi ndiye atakayekabidhiwa kitambaa na spiriti.